Askofu Samuel Ajayi Crowther na Wachungaji wa Mto Niger

Kamati ya jarida letu iliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, najua wenzangu walitazamia niandike juu ya kiongozi wa siasa, au mmoja wa walimu waliotulea sisi tuliopita hapa. Nimemchagua mtu ambaye hakupata kukanyaga pwani yetu hata siku moja. Tuliosoma historia kidato cha pili twalikumbuka jina lake, maana lilikuwamo katika kitabu, mstari mmoja tu: Samuel Crowther, mtumwa aliyekombolewa, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana, mwaka wa 1864. Mwalimu alituambia tupige mstari chini ya mwaka huo, kwa kuwa huenda ungetoka katika mtihani. Haukutoka.

Nimekuja kumsoma tena baada ya miaka zaidi ya ishirini, nikiwa mtumishi wa serikali ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwapanga watumishi wengine katika vituo vya vijijini. Ndipo nilipotambua kwamba ule mstari mmoja haukutuambia lililo kubwa. Haukutuambia kwamba miaka 26 baada ya kumweka askofu, chama kilichomtuma kilivunja kazi yake mbele ya macho yake akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Wala haukutuambia sababu. Sababu ilihusu jinsi wachungaji wa vijijini walivyochaguliwa, walivyofundishwa, walivyolipwa na walivyotembelewa. Basi hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa, na wanafunzi mlioko shuleni hivi sasa mnivumilie nikienda taratibu.

Alizaliwa kati ya mwaka wa 1806 na 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Aliitwa Ajayi, jina wanalopewa watoto waliozaliwa kifudifudi. Mwaka wa 1821 mji wao ulivamiwa asubuhi na kuchomwa moto. Ajayi akatekwa pamoja na mama yake, ndugu zake wa kike na binamu yake. Walitenganishwa muda si mrefu. Ajayi alibadilishwa kwa farasi, farasi akaonekana hafai, akarudishwa kama bidhaa mbovu inavyorudishwa dukani. Kisha akauzwa tena na tena mpaka akafika Lagos mikononi mwa Wareno. Wakati huo alikuwa amekata tamaa ya kuishi.

Mwezi wa Aprili 1822 alipakiwa katika jahazi la watumwa pamoja na wengine, jumla yao 187. Hawakufika mbali. Manowari ya Kiingereza iitwayo Myrmidon, chini ya Kapteni Henry Leeke, ililikamata jahazi hilo, na waliokuwamo wakapelekwa Freetown, Sierra Leone, ambako Waingereza waliwashusha watu waliokombolewa baharini. Huko akawekwa katika kijiji cha Bathurst. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza ya shule aliomba apewe nusu peni akajinunulie karatasi ya alfabeti, na kabla ya miezi sita kwisha alikuwa anasoma. Alibatizwa tarehe 11 Desemba 1825 akachukua jina la kasisi mmoja wa London, Samuel Crowther. Mwaka wa 1827 chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa ili kufundisha walimu na wachungaji Waafrika, yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Alimwoa Asano, binti aliyekombolewa kama yeye, ambaye kwa ubatizo aliitwa Susan.

Hapo angeweza kubaki mwalimu wa shule maisha yake yote, na pengine tusingemsikia. Lakini mwaka wa 1841 serikali ya Uingereza ilituma meli tatu kupanda Mto Niger ili kufungua biashara na kupiga vita utumwa. Crowther alikwenda pamoja na mmisionari Mjerumani, J. F. Schön. Safari ile ilikuwa msiba. Katika Wazungu 145 karibu wote waliugua homa na zaidi ya 40 walikufa. Waafrika waliokuwamo walipona takriban wote. Waliporudi, Schön na Crowther walisema jambo moja: kazi ya bara hilo itafanywa na Waafrika wenyewe, na kwa hiyo lazima wafundishwe, na lugha zao ziandikwe. Wengi waliisoma taarifa ile kama habari ya malaria tu.

Mtu mmoja aliisoma zaidi ya hapo. Huyu ni Henry Venn, katibu mkuu wa CMS, chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, kutoka 1841 hadi 1872. Venn aliamini kwamba kanisa lolote lililoanzishwa na wageni lazima lifike mahali pa kujilipia gharama, kujitawala na kujieneza lenyewe, na mmisionari aondoke kama jukwaa la mwashi linavyoondolewa ukuta ukishakamilika. Wanafunzi wa siku hizi mkisikia neno kujitegemea mnafikiri lilianzia Arusha mwaka wa 1967. Wapo waliolisema mapema, ingawa kulisema ni kitu kimoja na kulipia gharama yake ni kitu kingine, kama tutakavyoona.

Venn alimwita Crowther London, akasoma chuoni Islington, akapewa ushemasi na ukasisi mwaka wa 1843. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, alihubiri kwa Kiyoruba mjini Freetown, na mwaka wa 1846 alifika Abeokuta pamoja na wamisionari Townsend na Gollmer. Hakuwa na majuma mengi hapo alipokutana na mama yake. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita. Mama Afala hakuamini. Walishikana wakanyamaza wakitazamana. Mwaka wa 1848 mama huyo alibatizwa, akaitwa Hannah.

Kazi yake ya lugha ingehitaji makala peke yake. Alitoa msamiati wa Kiyoruba mwaka wa 1843, akaupanua baadaye, akaandika juu ya Kinupe na kutoa kitabu cha kwanza cha kusomea cha Kiigbo mwaka wa 1857. Biblia nzima ya Kiyoruba, aliyoifanyia kazi pamoja na wenzake kwa miaka karibu arobaini, ilikamilika mwaka wa 1884. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka wa 1891, nayo ilianzwa na Askofu Steere ambaye Kiswahili alijifunza ukubwani. Tofauti ni kwamba Crowther alitafsiri katika lugha aliyonyonya na maziwa ya mama, na hata hivyo hakujiamini: alikaa na wazee, hata wale wasiokuwa Wakristo, akikusanya maneno na methali na kusikiliza sauti inavyopanda na kushuka, maana katika Kiyoruba sauti ikibadilika na maana hubadilika. Tulio wasemaji wa Kiswahili tunaodhani kuwa tunajua lugha yetu kwa kuwa tumezaliwa nayo, tungejifunza kitu hapa.

Sasa tufike mtoni. Mwaka wa 1854 alipanda tena Niger katika meli ya Pleiad. Safari hii walikunywa kwinini kila siku na hakufa hata Mzungu mmoja. Mwaka wa 1857 alikwenda mara ya tatu, akamwacha John Christopher Taylor katika mji wa Onitsha. Taylor alizaliwa Sierra Leone na wazazi Waigbo waliokombolewa. Huo ndio mwanzo wa Misioni ya Niger, na jambo la ajabu ni kwamba misioni nzima, kuanzia kiongozi hadi mwalimu wa mwisho, iliendeshwa na Waafrika.

Tarehe 29 Juni 1864 Crowther aliwekwa wakfu kuwa askofu katika Kanisa Kuu la Canterbury. Kanisa lilijaa. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo yule Kapteni Leeke, sasa Amirali, aliyemtoa ndani ya jahazi la watumwa miaka 42 nyuma. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Kwa mtu wa kawaida, habari njema ingeishia hapo, na vitabu vyetu vya shule viliishia hapo.

Lakini tazameni alichokabidhiwa. Wamisionari Wazungu wa Abeokuta, Townsend akiwa mbele yao, walikataa katakata kuwa chini ya askofu Mwafrika. Kwa hiyo akafanywa askofu wa Afrika ya Magharibi nje ya mipaka ya utawala wa Malkia. Lagos ilikuwa koloni la Uingereza tangu 1861, basi Lagos, mji alikoishi, haikuwa yake. Abeokuta, mji aliousaidia kuujenga, haikuwa yake kwa vitendo. Iliyobaki ni Niger: vituo vichache vilivyotawanyika kando ya mto mrefu, kuanzia mikoko ya delta mpaka Lokoja, mahali ambapo Mto Benue huungana na Niger, katikati ya watu wa lugha nyingi ambazo yeye mwenyewe hakuzisema.

Na hakupewa chombo cha kusafiria. Niger hupandika kwa meli kubwa miezi ile tu ya maji mengi, na meli zilikuwa za wafanyabiashara wa mafuta ya mawese. Askofu alipanda kwa hisani yao, akaenda walikokwenda na kuondoka walipoondoka. Mwalimu aliyewekwa kituo cha mbali aliweza kumwona kiongozi wake mara moja kwa mwaka, siku chache, wakati makuli wakishusha mizigo. Dawa, vitabu na mshahara vilikuja kwa meli hiyo hiyo. Meli isipokuja, hakuna. Mwaka wa 1867 askofu alipokuwa ziarani alikamatwa karibu na Idah na mtawala mmoja aitwaye Abokko, aliyedai fidia ya magunia elfu moja ya kauri. Konsuli mdogo wa Kiingereza, Fell, alikwenda kumwokoa, akapigwa mshale wenye sumu akafa. Askofu akarudi kazini.

Niruhusiwe niseme la kwangu kidogo. Nilipoajiriwa, kituo changu cha kwanza kilikuwa mbali sana na makao makuu ya wilaya. Pikipiki niliyoahidiwa ilifika mwaka wa pili, nayo haikuwa na tairi la nyuma linalofaa. Siku moja akaja mkaguzi kwa gari, akakaa kwa saa mbili, akaandika kwamba daftari langu la stoo lina makosa. Lilikuwa na makosa kweli. Tangu siku hiyo, ninaposoma ripoti yoyote ya ukaguzi wa kituo cha mbali, natafuta kwanza mahali palipoandikwa kwamba aliyekiandalia kituo hicho alileta nini. Mara nyingi pahali hapo hapapo.

Watumishi wa Crowther walitoka karibu wote Sierra Leone. Walikuwa watoto wa waliokombolewa, waliovaa suti na kusoma Kiingereza, na wengi hawakujua lugha ya kijiji walichopelekwa. Hata Taylor, mwana wa Waigbo, ilimbidi ajifunze Kiigbo upya. Mishahara yao ilikuwa midogo, na kwa kuwa chakula kilinunuliwa kwa bidhaa, walijikuta wakifanya biashara ndogo ndogo ili waishi. Wenye elimu bora walipata kazi nono serikalini au kwa wafanyabiashara Freetown na Lagos, kwa hiyo misioni ililazimika kuchukua wale waliokubali kwenda. Wenzetu mlio katika halmashauri za makanisa mijini mnaujua ugonjwa huu. Mchungaji hodari hubaki mjini penye sadaka, na kijijini hupelekwa yule ambaye hana wa kumsemea.

Crowther alifahamu upungufu huo, na namna alivyojaribu kuuziba ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zote. Kila kituo kilianza na shule, ili walimu wa kesho watoke hapo hapo na waseme lugha ya hapo hapo. Alipowakusanya watumishi wake Lokoja mwaka wa 1869 aliwapa maelekezo marefu ambayo mwalimu yeyote wa ualimu angefurahi kuyasoma. Aliwataka wajifunze methali, nyimbo na hadithi za watu wanaokaa nao, wasidharau michezo na desturi zisizo na ubaya, wala wasidhani ya kuwa Ukristo umekuja kuwafanya watu waache kuwa wa kabila lao. Alifundisha hivyo wakati wamisionari wengi waliamini kinyume chake. Na mbele ya Waislamu wa kaskazini hakwenda kwa mabishano. Alizungumza na maemiri kwa adabu, akawazawadia Biblia za Kiarabu, akaanzia pale ambapo vitabu viwili vinakubaliana juu ya Yesu mwana wa Mariamu, akaacha yaliyobaki yafuate kwa wakati wake. Sisi tuliokulia katika miji ambayo adhana na kengele husikika mtaa mmoja twaelewa thamani ya mwenendo huo.

Penye mafanikio makubwa palikuwa delta, na si kwa bahati. Watawala wa Bonny waliomba wenyewe mwalimu na kuchangia gharama. Huko kenge walikuwa wanyama watakatifu, wakitambaa mpaka ndani ya nyumba na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Siku ya Pasaka ya 1867 mfalme aliamuru wauawe, na waliuawa kwa mamia. Lakini kanisa lenyewe lilishikwa na wanyonge. Katika miaka ya 1870 wakubwa wa mji waligeuka wakawatesa Wakristo, wengi wao wakiwa watumwa, na mwaka wa 1875 mmoja wao, Joshua Hart, alitupwa mtoni akafa kwa kukataa kula nyama ya sadaka ya miungu. Mchungaji wao alikuwa Dandeson, mwana wa askofu, aliyekaa nao mfululizo miaka mingi. Palipokuwa na mchungaji mkaazi, watu wenye lugha moja, na wenyeji waliotoa fedha zao, mti ulishika mizizi. Palipokosekana vitu hivyo, ulinyauka.

Nisije nikaonekana mtetezi tu. Makosa yalikuwapo, na mengine yalikuwa ya kutisha. Watumishi wawili wa misioni na mke wa mmoja wao walimtesa msichana aliyekuwa chini yao huko Onitsha mpaka akafa, na mwaka wa 1882 mahakama ya Freetown iliwatia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kitendo hicho hakina utetezi. Wengine walilewa, wengine waliweka biashara mbele ya mahubiri. Askofu alikuwa mpole kupita kiasi. Alichelewa kufukuza, alipenda kuonya na kumhamisha mtu, na aliamini maneno ya waliomlilia. Tena mwanawe Josiah alikuwa wakala wa kampuni ya biashara ya mtoni, jambo lililowapa wapinzani wake silaha hata pale ambapo hapakuwa na hila. Mtumishi yeyote wa umma anajua kwamba ndugu wa mkubwa akifanya biashara na ofisi, hesabu hata zikiwa safi hazionekani safi. Kwa upande huo Crowther alikosea, nami sioni haja ya kumfunika.

Venn alikufa mwanzoni mwa 1873. Waliokuja baada yake hawakuwa na imani yake. Mwaka wa 1878 meli iliyoombwa miaka mingi ilipatikana, ikaitwa Henry Venn, na muda mfupi baadaye ikawekwa chini ya wakala Mzungu, J. H. Ashcroft, aliyekabidhiwa pia fedha na mali ya misioni. Askofu akawa abiria katika chombo cha misioni yake mwenyewe. Ripoti za siri zilianza kwenda London. Wakati huo huo Ulaya ilikuwa inagawana Afrika, na Kampuni ya Royal Niger ilipata hati ya kifalme mwaka wa 1886. Waafrika wenye elimu, waliotakiwa sana zamani, sasa walionekana ni kikwazo.

Wakaja vijana kutoka Cambridge na kwingineko, wenye bidii ya dini na haraka nyingi. Graham Wilmot Brooke alikuwa na miaka 25 tu. Mwezi wa Agosti 1890 kamati ya fedha ilikutana Onitsha, askofu akiwa mwenyekiti kwa jina. Brooke, J. A. Robinson na F. N. Eden waliwashtaki watumishi mmoja mmoja, wakawasimamisha na kuwaachisha kazi, na mwisho wakamsimamisha hata Dandeson, ambaye alikuwa Arkidiakoni wa kanisa lile la delta lililosimama imara. Askofu alipinga. Aliuliza kwa mamlaka gani kamati ya fedha inamsimamisha kasisi ambaye askofu wake yupo mezani. Hakujibiwa ipasavyo, akajiuzulu katika kamati hiyo, akaondoka.

Nimejaribu kujiweka katika kiti kile. Mzee aliyewapokea wengi wa wale watumishi wakiwa vijana, aliyewaona wakizika watoto wao kwa homa katika vituo visivyo na daktari, anaketi na kusikia sifa zao zikisomwa na mtu aliyefika mtoni juzi. Mambo mengine yaliyosomwa yalikuwa kweli. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Lakini hakuna aliyesoma orodha ya vitabu, mashua, dawa na miaka ya chuo ambayo watu wale hawakupewa.

Lagos ilichemka. Magazeti yaliandika, mikutano ikafanyika, na mwezi wa Agosti 1891 baadhi ya Wakristo walijitenga wakaunda kanisa lao la Kiafrika. Crowther hakuwafuata. Alitumia miezi yake ya mwisho kupanga kanisa la delta lijitegemee ndani ya Kanisa la Anglikana, chini ya Dandeson, bila fedha ya CMS. Katikati ya mwaka huo alipatwa na kiharusi, na tarehe 31 Desemba 1891 alifariki mjini Lagos.

Mwaka wa 1892 jimbo hilo la kichungaji la Delta ya Niger lilitangazwa rasmi. Lilijilipia wachungaji wake kwa michango ya Wakristo wa Bonny na miji jirani, likaendelea hivyo miaka mingi Dandeson akiliongoza hadi uzee wake. Kwa upande wa juu wa mto, Robinson alifariki Lokoja mwaka wa 1891 na Brooke mwaka uliofuata, wote kwa homa, kama wale wa 1841. Nao walikuwa watu wa imani, walivaa nguo za Kihausa na kuishi katika nyumba za udongo, na sitaki kuwasema vibaya makaburini. Nafasi ya Crowther alipewa Mwingereza, Joseph Hill, aliyekufa mwezi wa Januari 1894, siku chache baada ya kufika. Waafrika Charles Phillips na Isaac Oluwole waliwekwa kuwa maaskofu wasaidizi tu. Nigeria haikupata tena askofu Mwafrika wa dayosisi mpaka A. B. Akinyele alipopewa Ibadan mwaka wa 1952.

Wanafunzi wanaopenda mambo ya shule wajue na hili: binti ya Crowther, Abigail, aliolewa na T. B. Macaulay, aliyefungua shule ya CMS Grammar School mjini Lagos mwaka wa 1859, shule ya sekondari ya kwanza Nigeria. Mtoto wao Herbert Macaulay, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1864, ndiye anayeitwa baba wa siasa za utaifa za Nigeria.

Kwetu Afrika ya Mashariki kivuli cha Onitsha kilifika pia. CMS hiyo hiyo ilikuwa Mombasa na Rabai, ikiwategemea Waafrika waliokombolewa na kusomeshwa India, na mwaka wa 1885 Askofu Hannington aliwapa wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, ushemasi. Hatua ya kumfanya Mwafrika askofu haikuchukuliwa. Ilisubiri mpaka 1947, Aberi Balya alipowekwa kuwa askofu msaidizi Uganda, miaka 83 baada ya Canterbury. Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, waliwekwa Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya pamoja na Yohana Omari, askofu msaidizi wa Tanganyika ya Kati. Wapo wazee wetu walioikumbuka siku hiyo, wakisema kwamba Mwafrika wa kwanza amekuwa askofu. Hawakuwa wameambiwa habari za Ajayi.

Tarehe 29 Juni 2014, katika kanisa lile lile la Canterbury, Askofu Mkuu Justin Welby aliongoza ibada ya kutimiza miaka 150, akakiri mbele ya watu kwamba Kanisa lilimtendea Crowther vibaya na kuomba radhi. Mwaka huo nilikuwa likizo kijijini. Mchungaji wetu, mwenye makanisa saba na baiskeli moja, alikuwa amelala kwa malaria, na ibada ya Jumapili iliongozwa na mwalimu wa shule ya msingi. Niliporudi mjini niliandika barua kwa wenzangu kadhaa tuliosoma hapa, tukachanga, tukamnunulia pikipiki. Tairi la nyuma nilikwenda kulikagua mwenyewe.